Kipimo cha Sahani

Kerubo huja Jumanne na rula ya mbao,
ile ya shule, ncha yake moja imetafunwa.
Anawalaza changu juu ya meza yangu mmoja mmoja
kama muuguzi apimaye vichanga,
anaandika: ishirini na tatu. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu.
Mimi naparua. Magamba yanarukia daftari lake.

"Mama Pwani," anasema, "hawa hawajazaa hata mara moja."

Barafu inachuruzika kwenye mfereji wa saruji,
inakwenda zake chini ya Muindi Mbingu
kuungana na maji ya Nairobi yasiyojua chumvi.
Sanduku lilishuka kwenye basi saa kumi na moja alfajiri,
jina la kaka yangu ubavuni kwa wino mnene:
MSHAMU, MKWIRO.

Nampigia. Nyuma yake nasikia nyundo, na kuku.
Namfikishia maneno ya Kerubo.
Ananyamaza, kisha: "Dada,
rula hiyo ina upande wa kupimia njaa?"

Mwaka juzi walitia maboya ya manjano,
wakasema ndani msiingie, samaki wapumzike.
Wakakubali. Pale pale baba alipowafunza kuvua tewa.
Mwaka jana zikachomwa nyavu za tundu dogo,
moshi ukaingia hadi kwenye wali wa watu.
Wavu wa tundu kubwa ni elfu ishirini na mbili.
"Nimenunua nusu," anasema,
"nusu nyingine ni ule wa zamani niliouficha darini. Nimeziunga."
Sikujua nicheke au nilie. Wavu wenye dini mbili.

"Na nikikuletea tewa wa kilo sita, utamuuzia nani?"

Hapo akanipata.

Kwa maana simu hiyo hiyo ina ujumbe wa hoteli moja Kilimani:
Mama Pwani, changu arobaini,
gramu mia mbili na nusu, wasizidi,
kichwa na mkia vienee ndani ya sahani.
Ni warsha ya wageni.
Niliuliza warsha ya nini, nijue kama watalipa.
Ya kuhifadhi bahari.

Basi. Tundu la wavu wa Mkwiro halikupimwa Mkwiro.
Lilipimwa huku juu, kwa ukingo wa sahani nyeupe,
na mtu ambaye hajatota zaidi ya mvua ya Aprili.
Na mimi je? Miaka kumi na minne
nimemwimbia kaka yangu: niletee wa kipimo, wa kipimo.
Mabati ya nyumba yangu yamelipwa na samaki wasiozaa.

Alhamisi nikafanya upumbavu.
Nikachukua tewa wawili, wazee wa midomo ya kununa,
nikawakata vipande arobaini, nikapeleka Kilimani.
Mpishi akafunua ndoo: "Vichwa viko wapi?"
"Viwili," nikamwambia. "Wagawane."
Ndoo ikarudi nami mjini, ikinitazama.

Kerubo naye, badala ya kunisifu, akakuna kichwa.
"Hao wakubwa ndio madume, Mama.
Ukiwamaliza, majike watazaa na nani?"
"Sasa tule nini?"
"Sijui," akasema, na nilimpenda kwa hilo.
Wengine wote huwa wanajua.

Leo Jumanne tena. Ndani ya sanduku,
kando ya wale wa sahani,
kuna mfuko wa plastiki umefungwa kwa uzi wa wavu,
na kipande cha karatasi kilicholowa:
*Hawa ni wa upande mpya.*

Kerubo anawalaza. Thelathini na moja. Thelathini.
Thelathini na mbili. Thelathini na moja.
Wanne tu, kwa usiku mzima wa kaka yangu.

Nimewafunika barafu, sijawatia bei.
Kila anayesimama mezani leo
namtazama mikono kwanza,
nikikisia sufuria yake nyumbani ina upana gani.